Skrini ya pili inageuza damu ya mzee kuwa nyeusi, na arusi ni mwezi ujao

BintiMkomani · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Nachora leso na kadi za arusi hapa Lamu, kazi ya nyumbani, laptopu moja ya inchi 14. Macho yamenichoka, nikaagiza monita ya inchi 22, mtumba, kutoka duka moja Mombasa. Ilikuja na basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti, na kutoka gatini hadi mlangoni kwetu ikapanda punda juu ya magunia ya unga. Nasema mapema maana kuna mtu ataniuliza kama ilianguka. Mbele yangu mimi haikuanguka.

Sasa shida. Leso ninayochora ni sare ya arusi: pindo damu ya mzee, mji (ile sehemu ya katikati) manjano ya binzari, jina (ule msemo wake) kwa maandishi meupe. Kwenye laptopu iko sawa. Nikiivuta kwenye monita, pindo linakuwa jeusi kama masizi, manjano inakuwa kijani, na yale maandishi meupe yanakuwa feruzi. Nyuso za watu kwenye picha zimekuwa kama za maiti, Mungu anisamehe.

Nimezima na kuwasha. Nimefuta draiva na kuiweka upya, bando likaishia hapo. Nimerudisha mipangilio ya kiwandani kwenye monita. Wapi. Mchoro unatakiwa Mombasa baada ya wiki tatu.

---

mla_mahamri · saa 3:22 usiku

Hiyo virusi hiyo. Fomati.

---

Kibe_wa_Mpeketoni · saa 3:31 usiku

Rudisha dukani dada, mtumba ni bahati nasibu. Mimi yangu ilidumu siku nne.

---

BintiMkomani · saa 3:40 usiku

Kuirudisha ni punda, boti, basi, na muuzaji aliniambia "ikishatoka imetoka". Nataka nijue kwanza kosa ni la nani.

---

FundiLangoni · saa 4:05 usiku

Wa alaikum salaam dada. Usifomati chochote, virusi haina shughuli na rangi nyekundu.

Jambo moja hukulisema: umeiunganisha kwa kebo gani?

---

BintiMkomani · saa 4:09 usiku

Ile waliyonipa. Kichwa cha buluu, skrubu mbili ubavuni. Laptopu haina tundu la namna hiyo, kwa hivyo wakanipa na adapta ndogo inayoingia kwenye tundu la HDMI, kama lile la televisheni.

---

FundiLangoni · saa 4:31 usiku

Mficha uchi hazai, ungeanza na hapo. Hiyo ni VGA, teknolojia ya mwaka 1987, na katika VGA kila rangi husafiri kwenye waya wake. Nyekundu ina waya wake, kijani wake, buluu wake. Ukikatika mmoja, zile mbili zinaendelea kufika kana kwamba hakuna lililotokea, na picha inapakwa kwa rangi zilizobaki.

Nyekundu ikikosekana, nyeupe inakuwa feruzi. Manjano ni nyekundu na kijani, kwa hivyo inabaki kijani. Damu ya mzee karibu yote ni nyekundu, kwa hivyo inabaki giza. Ndiyo hadithi yako neno kwa neno. Ingekuwa kijani ndiyo iliyopotea, nyeupe ingegeuka urujuani. Ingekuwa buluu, kila kitu kingekuwa manjano kama kimemwagiwa mchuzi.

Lakini usiniamini kwa maneno. Bonyeza kitufe cha monita, ile menyu yake yenyewe itokee. Menyu hiyo huchorwa na monita, haitoki kwenye laptopu wala haipiti kwenye kebo. Rangi zake zikiwa safi huku picha iliyo nyuma yake imeharibika, basi kioo ni kizima na mgonjwa yuko kwenye kebo, adapta au laptopu. Menyu nayo ikiwa mbovu, hapo ndipo tuanze kumtafuta muuzaji.

---

mla_mahamri · saa 4:35 usiku

Atume basi picha ya skrini tuone.

---

FundiLangoni · saa 4:41 usiku

Picha ya skrini huchukuliwa ndani ya kompyuta, kabla rangi hazijaingia kwenye kebo. Itatoka nzuri kama ilivyo kwenye laptopu, na sisi tutaona nzuri. Kupiga kwa simu ni afadhali kwa kosa kubwa kama hili, lakini simu nayo hujisawazishia weupe. Kwa tofauti ndogo ndogo, simu ni shahidi wa uongo.

---

BintiMkomani · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nimefanya. Menyu ina alama nyekundu, na ni NYEKUNDU kweli. Nyuma yake leso bado kama masizi. Kumbe kioo ni kizima! Halafu nilipoitikisa kebo pale nyuma, rangi zikarudi kwa kupepesa jicho, kisha zikaondoka tena.

---

FundiLangoni · saa 1:50 asubuhi

Ikirudi kwa kutikiswa ni mguso huo. Zima vyote, fungua zile skrubu, toa kichwa ukitazame kwenye mwanga. Utaona safu tatu, kila moja na nafasi ya pini tano. Nyekundu ni pini ya kwanza, ya pembeni kwenye safu ya juu. Angalia kama imelala, imezama ndani, au ina ukungu wa kijani.

Katika safu ya kati kunaweza kukosekana pini moja. Usipige kelele, kebo nyingi zimetengenezwa hivyo.

---

BintiMkomani · saa 2:30 asubuhi

Kijani! Si pini moja, ni tatu, na ile ya pembeni imeota kitu kama ungaunga. Nimepitisha ncha ya sindano, kimetoka kama chumvi.

---

FundiLangoni · saa 2:44 asubuhi

Kama chumvi kwa sababu chumvi ndiyo baba yake. Upepo wetu huu wa baharini unaingia kwenye kila chuma, na shaba ikishapata unyevu wenye chumvi inaota ukijani. Mezani pangu pana lundo la simu kwa ugonjwa huo huo. Kebo yako nadhani ilikaa ghala la pwani miaka, au ilionja mawimbi siku ile ya boti.

Acha sindano, itakwangua dhahabu kidogo iliyopakwa juu ya pini. Tafuta isopropili, alkoholi ya kusafishia vifaa, fundi simu yeyote anayo. Mswaki wa zamani, sugua taratibu, acha ikauke nusu saa kabla ya kuwasha. Usitumie spiriti ya kusafishia vidonda kama hujasoma chupa, nyingine zimetiwa mafuta. Utaondoa kutu uache utelezi.

Lakini kwa nini unahangaika na VGA? Monita ya inchi 22 mara nyingi ina HDMI pia. Pindua nyuma uangalie.

---

BintiMkomani · saa 7:20 mchana

Ninaona haya kusema. Tundu la HDMI lipo, limezibwa na kibandiko cha bei.

---

Kibe_wa_Mpeketoni · saa 7:24 mchana

😂😂 Muuzaji alitaka kuuza adapta.

---

BintiMkomani · Jumatano, saa 2:05 usiku

Nimeazima kebo ya HDMI kwa jirani, ile ya televisheni yao, na nimeahidi kuirudisha kabla ya mpira wa Jumamosi ya wiki ijayo. Nyekundu imerudi na haitikisiki. FundiLangoni, Mungu akuzidishie.

Ila sasa kuna jambo jipya. Rangi zote zimepauka. Nyeusi si nyeusi, ni kijivu, kama leso iliyofuliwa mara hamsini. Na nyeupe nayo haing'ai. Nimepandisha na kushusha mwangaza bila faida.

---

PwaniLenzi · saa 2:40 usiku

Naingilia, mimi ni mpiga picha wa arusi Malindi na ugonjwa huu uliniibia mwezi mzima.

Laptopu yako inadhani hiyo monita ni televisheni. HDMI ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya televisheni, na televisheni zina desturi yao ya kale: nyeusi haianzii 0, inaanzia 16, na nyeupe haifiki 255, inaishia 235. Monita za kompyuta hutumia 0 hadi 255. Laptopu ikituma lugha ya televisheni kwa monita inayosikiliza lugha ya kompyuta, ile 16 inaonyeshwa kama kijivu na ile 235 kama nyeupe iliyochoka. Ndiyo maana kushusha mwangaza hakusaidii: unazima taa tu, kijivu kinabaki kijivu.

Fungua programu ya kadi yako ya picha, ya Intel, AMD au NVIDIA, nenda kwenye mipangilio ya monita ya pili utafute maneno "Limited" na "Full". Majina yanayoizunguka hutofautiana, haya mawili utayakuta. Weka "Full". Na kama kuna mahali pameandikwa YCbCr, badilisha iwe RGB. Baadhi ya namna za YCbCr zinapunguza habari za rangi, na kwako wewe unayeandika jina la leso kwa herufi za rangi moja juu ya rangi nyingine, kingo zitatoka zimechujuka.

Usiguse menyu ya monita wakati huo huo. Ukibadilisha huku na huku, utatoka kwenye kupauka uingie kwenye kuzama: kila kilicho cheusi kidogo kinamezwa, nakshi za pindo zinapotea.

---

BintiMkomani · saa 3:12 usiku

SubhanaAllah. Kama mtu amefuta vumbi kwenye kioo. Kulikuwa na maua madogo ndani ya pindo ambayo nilikuwa nimesahau kama niliyachora.

Swali la mwisho (inshallah). Nikiziweka skrini mbili ubavu kwa ubavu, laptopu inaelekea ubuluu na monita inaelekea umanjano. Ipi mkweli?

---

PwaniLenzi · saa 3:30 usiku

Hakuna.

Laptopu nyingi za bei ya wastani zina kioo cha ubaridi baridi, na baadhi hubadilika rangi ukiinamisha kichwa tu. Jaribu: simama, kaa, tazama pindo lile lile. Likibadilika, kioo hicho si cha kuamulia rangi. Monita yako kama ni ya IPS, aina ya kioo isiyobadilika sana ukiitazama pembeni, itatulia zaidi.

Skrini mbili za viwanda viwili hazitafanana kama doti ya leso iliyokatwa jora moja. Chagua moja iwe mwamuzi, nyingine iwe ya barua, muziki na kuangalia saa. Mwamuzi wako awe monita. Iache iwake nusu saa ipate moto, weka namna ya sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi za skrini) kama inayo, au joto la rangi 6500. Hicho ndicho kipimo cha weupe ambacho sRGB imejengwa juu yake tangu miaka ya 1990, na picha nyingi za intaneti zinakitegemea.

Na niambie: mwanga wa usiku wa Windows umezima?

---

BintiMkomani · saa 3:38 usiku

Mwanga gani?

---

PwaniLenzi · saa 3:41 usiku

Ule unaotia umanjano jua likizama ili macho yapumzike. Mipangilio, mfumo, skrini. Uko juu kabisa.

---

BintiMkomani · saa 3:49 usiku

Umewaka. Niliuwasha Ramadhani nikifanya kazi baada ya tarawehe, na sikuufikiria tena mpaka leo. Nimeuzima, umanjano umepungua sana. Ina maana ile kadi niliyoichora Shawwal usiku, mteja akasema waridi yake imekuwa zambarau, nilikuwa najirekebishia taa...

---

mla_mahamri · saa 3:52 usiku

Mimi nilisema virusi 😅

---

Kibe_wa_Mpeketoni · Alhamisi, saa 4:00 asubuhi

Mimi niliwahi kupakua profaili ya rangi (faili linaloiambia kompyuta monita inavyoonyesha rangi) ya monita kama yangu, kuna mtu kaiweka intaneti. Afanye hivyo, ni bure.

---

PwaniLenzi · saa 4:20 asubuhi

Profaili ya mtu mwingine ni miwani ya jirani. Hata monita mbili za modeli moja huzeeka tofauti. Kuna wakati Windows yenyewe huleta profaili pamoja na draiva ya monita, nayo ikawa mbovu, ukaona programu ya picha inaonyesha nyeupe kama karatasi ya kahawia ilhali programu nyingine ziko sawa. Ukiona hivyo, ingia kwenye usimamizi wa rangi, ondoa hiyo iliyokuja, weka sRGB ya kawaida.

BintiMkomani, ninacho kifaa cha kupimia rangi, kile kinachobandikwa kwenye kioo. Naweza kukipa basi la Lamu kesho, ukitumie wikendi, ukirudishe. Nitumie ujumbe wa faragha.

---

BintiMkomani · Jumapili, saa 5:30 asubuhi

Kifaa kimefika, nimekibandika, kimepima, kimetengeneza profaili. Jana usiku nilikuwa na furaha kama mtoto wa Maulidi. Skrini mbili zimekaribiana sana.

Leo asubuhi nimeamka, pindo kwenye monita limeingia zambarau. Sijagusa kitu. Laptopu iko kama jana. Nikasubiri nusu saa kama nilivyoambiwa. Zambarau. Ninaanza kuamini ina jini.

---

FundiLangoni · saa 5:41 asubuhi

Kebo?

---

BintiMkomani · saa 5:43 asubuhi

HDMI ile ile. Nimetikisa, nimechomoa, hakuna mabadiliko. Menyu ya monita nayo naiona kama ina ubuluu, lakini mchana tu.

---

Nahodha_Mstaafu · saa 6:15 mchana

Mwanangu BintiMkomani, mimi kompyuta siiyui, nasoma humu kwa sababu mjukuu ameniwekea. Lakini rangi ya bahari nimeitizama miaka arubaini, na bahari hugeuka rangi kwa uwingu uliyo juu yake. Usiku vyema, mtana vibaya: hapo si mashini, ni yua. Hiyo meza umeiweka wapi?

---

BintiMkomani · saa 6:22 mchana

Shikamoo mzee. Ukumbini, upande wa kiwanda, yaani ua wetu wa ndani. Laptopu iko kushoto imeelekea ukuta, monita iko kulia, imeelekea kiwanda kwa ajili ya hewa.

---

Nahodha_Mstaafu · saa 6:25 mchana

Na juu ya kiwanda pana nini?

---

BintiMkomani · saa 6:26 mchana

Turubai. Mama alilifunga kuzuia mvua.

Ngojeni.

La buluu.

---

Nahodha_Mstaafu · saa 6:40 mchana

Zima skrini zote mbili, ukae pale unapokaa, utizame vioo vikiwa vyeusi. Mato yako yatakwambia.

---

BintiMkomani · saa 6:58 mchana

Nimezima. Kioo cha laptopu ni cheusi, naona kivuli cha ukuta tu. Kioo cha monita kina buluu nyepesi imetandaa juu yake yote, kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Haionyeshi sura ya turubai, ndiyo maana sikuitambua kama kiakisi. Na kuta zetu ni chokaa nyeupe, zote zimenywa ubuluu huo nami sikuuona hata siku moja.

---

PwaniLenzi · saa 7:10 mchana

Kioo kisichong'aa hakirudishi sura, kinausambaza mwanga. Rangi angavu hazidhuriki sana, lakini damu ya mzee ni rangi ya giza, na tone la buluu likimwagika juu yake tayari ni zambarau. Kifaa changu hakikuliona kwa sababu kinabandikwa kwenye kioo na kinajifunika. Na ulipima usiku.

Mzee nahodha, heshima zangu. Mimi ningemwambia abadilishe kadi ya picha.

---

FundiLangoni · saa 7:14 mchana

Mimi nilikuwa tayari namlaumu jirani kwa kebo yake.

---

BintiMkomani · Jumanne, saa 2:20 usiku

Mama amekataa turubai litolewe mpaka nimpatie lingine, kwa hivyo nimeigeuza meza. Monita sasa inaelekea ukuta, na joto ninalivumilia. Mchana na usiku pindo ni lile lile.

Mchoro nimeutuma Mombasa na nimeomba wanichapie kwanza kipande cha kitambaa, upana wa shubiri mbili, kabla ya jora zima. PwaniLenzi alinionya faraghani kwamba skrini inatoa mwanga na kitambaa kinaupokea, wala wino haufiki kila rangi inayofikiwa na kioo.

---

BintiMkomani · Jumamosi, saa 4:45 asubuhi

Kipande kimekuja na boti ya asubuhi. Nimekipeleka mlangoni kwenye mwanga wa barabara, nikakirudisha ndani, nikakiweka chini ya monita. Pindo limetoka jeusi kidogo kuliko kwenye skrini, kama leso iliyoloa. Manjano imelingana. Bi arusi amekishika, amekigeuza, amesema, "Hii ndiyo." Kazi imeanza.

Kifaa kimeondoka na basi la jana. Kebo nimerudisha kabla ya mpira, nimenunua yangu na nimeivalisha mfuko wa plastiki pale kwenye viungo.

Nahodha, mama anauliza kama unajua wanapouza turubai jeupe.

---

Nahodha_Mstaafu · saa 5:02 asubuhi

Mwambie kitambaa cha tanga. Ninacho kimoya hapa, hakina kazi tena.

---

Shombe_wa_Witu · saa 8:30 mchana

Samahani, na mimi skrini yangu inatoa mstari mmoja wa kijani kutoka juu hadi chini, menyu ikitokea mstari unapita juu yake. Nifanye nini?

---

FundiLangoni · saa 8:37 mchana

Umepita juu ya menyu? Basi ni kioo chenyewe, pole. Fungua uzi wako, tuongee bei.